Elimu ya Kumjua Mtu: Vyuo Vikuu Vyetu na Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Swali la manufaa ya masomo ya sanaa ni la zamani nchini mwetu, na aghalabu hujibiwa kwa haraka kuliko linavyostahili. Mzazi aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza vitunguu vya Mang'ola au kahawa ya Oldeani ana haki kamili ya kuuliza: historia italeta nini nyumbani? Fasihi itachimba kisima gani? Mwalimu naye, ufikapo wakati wa wanafunzi kuchagua michepuo, huwaelekeza walio wepesi wa kufahamu kwenye fizikia na kemia, na waliosalia huwaachia historia na lugha, kana kwamba sanaa ni kapu la makombo. Huko juu nako mambo hayana tofauti kubwa. Ufadhili wa Samia, ulioanza katika mwaka wa masomo wa 2022/23, ulikusudiwa kwa vijana waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Mwenzao aliyepata alama za juu kabisa katika Historia na Kiswahili hakuwamo.

Hatusemi kwamba ufadhili huo ni kosa. Nchi inahitaji waganga na wahandisi, na anayebisha hilo na aende akaugulie katika zahanati isiyo na umeme. Tunachokipinga ni wazo lililojificha nyuma ya mpango huo na mipango mingine inayofanana nao, yaani kwamba elimu ya kumjua mtu, historia yake, lugha yake, sheria na mila zake, na jinsi anavyoishi na jirani yake, ni pambo la kununuliwa baada ya shibe. Ili hoja yetu isielee hewani, tutaisimamisha mahali pamoja: wilaya za Karatu na Ngorongoro mkoani Arusha, pamoja na majirani zao wa Mbulu na Hanang walioko mkoani Manyara. Sisi tunaoandika haya hatukupata kuingia chuo kikuu. Tulikomea sekondari, tukaingia katika utumishi wa serikali, na ushairi tukaupata kwa wazee na katika vitabu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba tunatetea ulaji wetu.

Na tukumbushane jambo moja kabla ya kuendelea. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa mjini Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha Sheria. Kitivo cha Uhandisi kilikuja mwaka 1973. Waliokuwa wakiipokea nchi mikononi mwa wakoloni walijua vema kwamba barabara zilikuwa chache, lakini walijua pia kwamba taifa lisilo na watu wa kulitungia sheria na kuzifasiri litatawaliwa kwa akili za wengine hata kama bendera ni yake.

Sasa twende Oldupai. Mgeni anayelipa ada katika lango la Lodoare hulipia mambo mawili: wanyama wa kreta, na habari ya mwanzo wa binadamu. Hilo la pili halionekani kwa macho tu. Bonde lile, kwa mtu asiyeelezwa, ni korongo kavu lenye vumbi na mawe. Lilipata kuwa hazina kwa sababu palikuwapo watu waliojua kulisoma. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika huko mwaka 1911, na mwenzake Hans Reck akaongoza uchimbaji mwaka 1913. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu ambalo sasa linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 1,750,000 hivi, na mumewe Louis akalipa jina la Zinjanthropus. Jina hilo hakulipata maabarani. Alilitoa katika vitabu vya kale, kwani Waarabu wa zamani waliuita mwambao wetu huu nchi ya Zinj. Hata mfupa, basi, ukitaka kuitwa jina, hauna budi kwenda kwa wenye elimu ya lugha na historia.

Tena majina hayo ni jambo la kuangaliwa. Wamaasai huuita mkonge-mwitu unaoota bondeni humo oldupai. Mzungu alisikia Olduvai, na kosa la sikio moja likachapwa katika vitabu vya dunia nzima, likafundishwa kwa watoto wetu wenyewe kwa muda mrefu sana. Tukio hilo ni dogo, lakini linatuonyesha hali ya mtaalamu mwenye vyombo bora vya kupimia miamba ambaye hana mtu wa kumwambia kwamba neno aliloandika silo.

Laetoli, kusini mwa Oldupai, kuna habari kubwa zaidi. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Baada ya kuchunguzwa, nyayo hizo zilifukiwa tena ili zihifadhike. Udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kuzitishia nyayo zenyewe. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani, ililazimika kufukua upya, kung'oa mizizi na kufunika kwa ustadi zaidi. Kazi hiyo ilikuwa ya wanakemia na wahandisi, na waliifanya vizuri. Lakini baada ya wao kuondoka, ni nani angelinda mahali pasipo uzio wala jengo, katikati ya malisho? Waliohusika waliona ipo haja ya kuzungumza na Wamaasai wa pale, na kiongozi wao wa dini ya jadi akaongoza tambiko la kupabariki mahali hapo. Ulinzi huo haukutoka katika kitabu cha kemia. Ulitokana na mtu kukaa chini na kuuliza: kwa watu hawa, mahali hufanywaje patakatifu?

Lakini angalia ni nani waliokuwa wasomaji wa mawe hayo. Kwa muda wa miaka sabini na zaidi, tangu siku za Reck, Mtanzania aliyetaka kujifunza elimu-kale ilimlazimu kwenda ng'ambo. Wengi walibaki kushika sururu na chekeche. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia katikati ya miaka ya 1980 tu. Mazao ya uamuzi huo yalichukua muda kuonekana, kama mazao yote ya shamba la namna hiyo. Mwaka 2015, palipofanywa uchunguzi wa eneo lililokusudiwa kujengwa makumbusho huko Laetoli, kundi lililoongozwa na Profesa Fidelis Masao, aliyepata kuongoza Makumbusho ya Taifa na kufundisha katika chuo kikuu hicho, lilikuta nyayo nyingine za viumbe wawili. Habari hiyo ikatangazwa mwaka 2016. Na afikiri mwanafunzi ingekuwaje kama msingi wa jengo ungechimbwa na watu wasiojua wanatafuta nini.

Hayo ya mifupa na nyayo yana bahati, maana dunia nzima huyashangilia, na fedha hupatikana. Tunalolilia zaidi ni hazina iliyo hai ambayo haishangiliwi na mtu, yaani lugha na fasihi za watu wa nchi hii.

Pembezoni mwa Ziwa Eyasi, katika soko la Mang'ola, msikilizaji makini husikia kwa saa moja kile ambacho penginepo barani Afrika humtaka mtu asafiri mwezi mzima. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatooga na Kimaasai ni za Kinailo. Kiswahili na Kiisanzu ni za Kibantu. Na Kihadza, chenye sauti za vidoko, zamani kiliwekwa katika kundi moja na lugha za kusini mwa Afrika, lakini wanaisimu wengi sasa wanaona kwamba kimesimama peke yake, hakina ndugu anayejulikana. Wasemaji wake ni watu elfu moja hivi. Chuo kikuu cha nchi nyingine kingekuwa na mkutano wa lugha wa namna hiyo mlangoni pake, kingejenga nyumba ya utafiti papo hapo. Sisi tumepajengea wageni wa porini mahoteli, na si vibaya, ila tumeishia hapo.

Tuyaangalie maandishi yaliyopo, kwani hii ndiyo kazi ya mhakiki. Sarufi kamili ya Kiiraqw iliandikwa na Mholanzi Maarten Mous, ikachapishwa Ujerumani mwaka 1993. Kamusi ikafuata mwaka 2002, nayo pia ilichapwa Ujerumani, kazi ya Mous, Martha Qorro na Roland Kiessling. Martha Qorro amepata kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tena ni mmoja wa wanazuoni waliotetea kwa muda mrefu Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Kamusi yenyewe ni kazi ya kuheshimiwa. Maneno yamepangwa kwa uangalifu, na matamshi, ambayo katika Kiiraqw ni jambo gumu kwa sababu ya toni na sauti za kooni, yameonyeshwa. Lakini ni kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya Karatu, anayetaka kumwonyesha mwanafunzi wake Mwiraqw kwamba neno la nyumbani na neno la darasani vinaweza kukaa ukurasa mmoja, hana budi kupitia London ili afike Mbulu.

Lawama hiyo haiwahusu waandishi. Atoaye fedha ndiye huchagua lugha ya kitabu, na fedha hazikuwa zetu. Hata Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 na kutoa, pamoja na vitabu vingine, Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, uliendeshwa kwa msaada wa Sweden. Tunawashukuru Waswidi. Lakini inatubidi tujiulize ni taifa gani linalongoja msaada ili lihesabu lugha zake.

Habari ya Wahadzabe inasikitisha zaidi. Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani aliyezunguka kandokando ya Eyasi katika miaka ya 1930, alikusanya hadithi zao nyingi, na katika miaka ya 1950 zikachapwa kwa Kijerumani. Baadaye James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, aliandika kwa Kiingereza juu ya jinsi wanavyogawana nyama na jinsi wanavyoishi bila mkubwa wala mdogo, na maandishi yake yakabadilisha fikra za wasomi duniani juu ya usawa wa binadamu. Nchi ambayo kwa miaka mingi iliuhubiri usawa majukwaani ilikuwa na raia waliouishi, na habari zao zikasomwa zaidi London kuliko Dodoma. Mtoto wa Kihadzabe aliyeko darasani leo, akitaka kusoma hadithi aliyosimuliwa babu wa babu yake, ajifunze kwanza Kijerumani.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuvuta pumzi kidogo na kuzungumza kama watunzi. Wairaqw wana utanzu wao uitwao slufay, ambao ni sala na ushairi kwa pamoja. Mzee mmoja huongoza, na waliohudhuria humwitikia. Huombwa mvua, amani, uzao wa watu na wa mifugo. Maradhi na maovu hufukuzwa yaende mbali na nchi. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu mizani na kutega vina hatavikuta humo. Atakuta ulinganifu wa namna nyingine: wazo hutajwa, kisha hurudiwa kwa maneno ndugu, na kati ya kutajwa na kurudiwa ndipo nguvu ya sala ilipo. Kiongozi wa slufay hapewi kazi hiyo kwa uzuri wa sauti pekee. Maneno yake yanaaminika kuwa na uwezo wa kutenda, kwa hiyo ni lazima awe mtu ambaye jamii inaweza kumkabidhi kinywa chake. Uchambuzi mzuri wa utanzu huo umeandikwa na wataalamu wa Ulaya. Sisi, tunaobishana hadi leo kama shairi lisilo na vina ni shairi, tungalipata katika slufay ushahidi wa nchini mwetu wenyewe, wa kale kuliko mabishano hayo yote. Hatukuutumia. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 uliendeshwa kana kwamba nchi nzima ni pwani. Na hili tunalisema tukiwa upande wa vina.

Kwa hiyo chuo kikuu kinapofunga somo la fasihi simulizi kwa sababu wanafunzi ni wachache, au kinapolifundisha kwa vitabu tu bila safari hata moja ya kwenda kwa wasimulizi, hasara hairudi tena. Maabara iliyochelewa kujengwa mwaka huu yaweza kujengwa mwakani. Mzee hangoji bajeti.

Tugeuke sasa upande wa sayansi za jamii, maana yawezekana msomaji anasema: hayo ni ya washairi, nionyeshe kilo na ekari.

Hanang ipo jirani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania na Kanada zilishirikiana kuanzisha huko mashamba makubwa ya ngano, chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba hayo yalifikia eneo la ekari 100,000 hivi. Udongo ulipimwa, mvua ilipimwa, trekta zilichaguliwa, mbegu zilijaribiwa. Jambo moja halikupimwa: ni nani aliyekuwa akiitumia ardhi hiyo, na kwa majira gani. Mpimaji alifika wakati ng'ombe hawapo akaona mbuga tupu. Wabarabaig, ambao ni Wadatooga wa upande huo, walikuwa wakihama kwa zamu baina ya malisho ya namna mbalimbali, na mbuga ile ilikuwa ghala lao la wakati maalumu. Palikuwa pia na matuta ya makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ndiyo hati ya nchi. Trekta zikalima na makaburi. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ikafika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 1984 iliwapa wanakijiji ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikazikubali hoja kubwa za shirika. Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig, alieleza mambo hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1996, wakati Wakanada walikuwa wamekwisha kuondoka. Mtaalamu mmoja wa elimu-jamii, aliyelipwa mshahara wa mwaka mmoja kabla ya trekta ya kwanza kushushwa, angaligharimu kiasi gani? Hatuna shaka kwamba angaligharimu kidogo kuliko wakili.

Kwa Wairaqw wenyewe tunaye shahidi wa nyumbani. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza jinsi Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ilivyotekelezwa katika nchi ya asili ya Wairaqw, upande wa mashariki. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2007 alionyesha kwamba watu wale walikuwa na elimu ya kina ya mazingira yao: walijua mteremko upi unafaa nyumba, upi unafaa shamba, wapi pana hatari, wapi pana baraka. Waliopanga vijiji waliiona ardhi kuwa ni uwanja mmoja ulio sawa. Kaya zilipohamishwa na kupangwa upya, uhusiano wa watu na mahali walipopajua ukavurugika, na elimu ya wazee ikapoteza pa kusimama. Tunaipenda kazi hii kwa sababu haiipigii kelele serikali wala haiipambi. Inaeleza. Mtumishi wa umma akiisoma hatoki amekasirika. Hutoka akitamani angaliisoma mapema. Ila nayo imeandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa katika jarida la Uingereza, na afisa tarafa wa Mbulu hawezi kulipata jarida hilo kwa urahisi. Hapa ndipo tunapoona kwamba uwekezaji haumaliziki kwa kumlipa mtafiti. Kazi isiyofasiriwa ikarudi ilikotoka ni nusu ya kazi.

Na Ngorongoro yenyewe? Eneo la Hifadhi liliundwa mwaka 1959, baada ya Wamaasai kuondolewa Serengeti, kwa masharti ambayo hayakuwa na mfano wakati huo: wanyama, mifugo na watu wakae pamoja. Si bahati tu kwamba Henry Fosbrooke, aliyekuwa Mhifadhi wa Ngorongoro katika miaka ya mwanzo ya 1960, kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa elimu-jamii katika serikali. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Mwaka 1979 Ngorongoro iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongezewa sifa ya urithi wa utamaduni kwa ajili ya Oldupai na Laetoli. Kuanzia Juni 2022 kaya za wafugaji zilianza kuhamia Msomera wilayani Handeni, jambo lililozua mjadala mkali ndani na nje ya nchi. Desemba 2024 Rais alikutana na viongozi wa jamii hiyo na kutangaza kuundwa kwa tume mbili, moja ya masuala ya ardhi na moja ya zoezi la kuhama, nazo zikazinduliwa Februari 2025.

Si nia yetu kuamua shauri hilo hapa. Tunaitazama njia tu. Tume hufanya nini? Hukusanya simulizi, husoma nyaraka za zamani, huuliza nani aliahidiwa nini na lini, hupima athari za kuhama kwa ndoa, kwa rika, kwa makaburi, kwa shule. Hiyo ni historia, sheria na elimu-jamii, inayofanywa kwa miezi michache, baada ya mambo kuiva, na watu wenye shughuli nyingine nyingi. Issa Shivji na Wilbert Kapinga, wote wanasheria wa hapa nchini, walikwisha kuandika kitabu juu ya haki za Wamaasai wa Ngorongoro mwaka 1998. Chuo kikuu chenye idara imara na fedha zake chenyewe kingaliendelea na kazi ya namna hiyo mwaka hadi mwaka, kikihesabu watu na ng'ombe, kikisikiliza pande zote, bila kungoja ugomvi. Tena kisingekuwa na sababu ya kuificha takwimu isiyompendeza mhifadhi wala ile isiyompendeza mfugaji.

Zipo hoja dhidi yetu, nazo si za kudharauliwa. Ya kwanza ni kwamba wahitimu wa sanaa wanazunguka na vyeti bila kazi. Ni kweli, na wa sayansi nao wanazunguka. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba vitivo vya sanaa vyenyewe vimejishusha. Darasa limejaa hadi madirishani, mwanafunzi ananakili maelezo ya mwaka juzi, anaandika tasnifu juu ya kijiji asichokanyaga, na mwalimu hana nafasi ya kuisoma. Hoja hiyo tunaikubali yote. Lakini ni hoja ya kuongeza fedha, haiwi hoja ya kupunguza. Masomo haya yaligeuzwa kuwa ya rahisi kwa sababu yalidhaniwa hayagharimu kitu ila chaki. Wakarundikwa humo mamia ya vijana, kisha tukashangaa kwamba chaki haikutosha. Mwanahistoria anahitaji nyaraka zilizohifadhiwa zisiliwe na mchwa. Mwanaisimu anahitaji kinasa sauti, na miezi sita Yaeda au Endabash, na posho ya kumlipa mzee anayeacha shamba lake ili afundishe. Vitabu vinahitaji mfasiri na mchapaji.

Kwamba vijana wa Kitanzania wanaweza kuifanya kazi hiyo si jambo la kubahatisha. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa kusini kukusanya kwa wazee habari za Vita vya Majimaji. Wazee wale walikuwa wa mwisho walioviona kwa macho. Mradi ule haukuwa na mitambo. Ulikuwa na daftari, kalamu, walimu waliojua wanachokitafuta, na chuo kilichokubali kugharimia safari. Lau ungalicheleweshwa miaka kumi, habari za vita vile tungalizisoma katika majalada ya Wajerumani tu.

Sasa limekuja jambo jipya linaloidai kazi ya namna ile kila wilaya. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa Karatu atakapofika mahali pa kueleza jamii za Tanzania zilivyoishi, atapata katika vitabu vya jumla mistari michache juu ya Wairaqw, labda mstari juu ya Wadatooga, na picha ya Mhadzabe mwenye upinde. Wanafunzi wake wanaishi katika moja ya pembe za dunia zilizoandikwa sana, kwa Kijerumani na Kiingereza, na yeye hana cha kuwapa. Vyuo vikuu vyetu vingeanzia hapo: kila idara ya historia, isimu na elimu-jamii ipewe wilaya chache, ifasiri yaliyokwisha kuandikwa juu yake, ikusanye yaliyosalia, na itoe kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya shule. Gharama yake itaandikwa katika bajeti ya chuo, si katika barua ya kuomba msaada.

Wakati vyuo vinajadili, walimu wasikae. Karatu na jirani zake wana majina mengi ya mahali yanayoanza kwa Enda: Endabash, Endamarariek, Endallah, Endamaghang. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyezaliwa huko na ayaorodheshe kadiri anavyoyajua, kisha amwulize bibi au babu yake ni akina nani walioyatoa majina hayo, na nani alikaa hapo kabla ya nani. Aliandike jibu kama lilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa na kwa Kiswahili chini yake, pamoja na jina la msemaji, kijiji chake na tarehe. Asirekebishe kitu hata kama wazee wawili wamepingana. Mwalimu ayaweke maandishi hayo katika jalada lenye namba, mahali pasipofikiwa na mvua wala panya, na nakala aipeleke kwenye idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu, akiomba aandikiwe barua ya kukiri kupokea.